Swali la chipsi mayai: kisa cha kipindi cha mahusiano katika sekondari moja ya Dar es Salaam

Kisa hiki nawaandikia walimu wa ushauri na unasihi, maofisa ustawi wa kata, na sisi tunaoingia madarasani na mabango yetu kufundisha vijana habari za mahusiano na ukatili. Shule siitaji, kata siitaji, mwaka siutaji. Umri na vitu vidogo vidogo nimevigeuza. Msichana nitamwita Zena na mvulana Kassim, na hayo si majina yao. Zena na mama yake waliridhia niandike. Zena aliisoma rasimu, akafuta mistari miwili, nami sikuirudisha.

Mazingira

Ni sekondari ya kata, pembezoni mwa jiji, upande ambao lami inaisha kabla nyumba hazijaisha. Darasa lina wanafunzi sabini na kitu, madawati hayatoshi, na wengi wao wanakuja kwa daladala. Anayeijua Dar es Salaam anajua adha ya mwanafunzi kituoni saa kumi na moja jioni. Nauli yake ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili ya hiyo, kwa hiyo konda anaziba mlango kwa mkono na kupakia watu wazima kwanza. Msichana anayefahamiana na konda mmoja anafika nyumbani kabla ya magharibi. Asiyefahamiana na yeyote anaingia usiku, au anadandia bodaboda ya mtu ambaye kesho atadai shukrani. Nalitaja hili mapema kwa sababu konda atarudi.

Tulikwenda pale na vipindi vinane vya dakika arobaini, kila Alhamisi baada ya masomo. Mkuu wa shule alitupokea vizuri, akausoma mpango wetu mbele yetu, kisha akachukua kalamu nyekundu. Neno "mapenzi" akalikata kila lilipotokea. Kichwa cha programu akakigeuza kuwa Stadi za Maisha. Sababu aliitoa bila kuzunguka: sheria za shule zinakataza mahusiano ya kimapenzi, na Kanuni za mwaka 2002 za kumfukuza mwanafunzi shule zinalitaja kosa dhidi ya maadili kuwa moja ya sababu. "Mkiwafundisha mapenzi mazuri, mmeshawaruhusu mapenzi," alisema. Sharti la pili: Kidato cha Nne wasihusishwe, wana mtihani wa Taifa mwezi wa kumi na moja, wasipotezewe muda.

Tulikubali yote mawili ndani ya nusu saa. Muhula ulikuwa umeshaanza na tulikuwa na haraka. Wakati ule niliona tumeshinda, tumepata darasa. Kumbe karibu kila kilichoharibika baadaye kilikuwa kimekaa ndani ya masharti yale mawili tuliyoyapokea tukitabasamu.

Kipindi cha kadi

Vipindi viwili vya kwanza havina la kusimulia: urafiki, ndugu, jinsi ya kugombana bila kutukanana. Cha tatu ndicho kilichowaamsha. Tulichora mstari katikati ya ubao, kushoto tukaandika ANAKUJALI, kulia ANAKUCHUNGA. Kila kundi likapewa kadi za kubandika. "Anakuuliza kama umefika salama." "Anakasirika ukiongea na mvulana mwingine." "Mtu mzima mwenye gari anakununulia simu." "Mwanafunzi mwenzako anakununulia vocha, halafu anaomba kuona umempigia nani."

Kadi ya mwenye gari haikufika hata ubaoni. Darasa zima lilipiga kelele "Fataki!", yaani mtu mzima anayewarubuni wanafunzi, na mmoja wa nyuma akaongeza "Mvua thelathini!", kwa sababu tangu Sheria ya Elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 hakuna mwanafunzi asiyejua kwamba anayempa mwanafunzi mimba anafungwa miaka thelathini. Kwa watoto wale, mwenye hatari ni mtu mzima, ana hela na anatoka nje ya geti. Neno fataki limewakaa vizuri, na limewasaidia.

Kadi ya vocha ilikwenda kushoto, kwa anayekujali. Nilipouliza kwa nini, mvulana mmoja akajibu, "Hela yake, lazima ajue inaenda wapi." Msichana akamuunga mkono: "Asiye na wivu hana mapenzi." Wakapigiwa makofi. Aliyetumwa na kundi lake kuibandika kadi ile alikuwa Zena, ingawa siku hiyo sikuwa namfahamu kwa jina. Aliibandika kushoto kama alivyoagizwa, akageuka kurudi, akasimama, akarudi ubaoni na kuisogeza ikae juu ya mstari, nusu huku na nusu kule. Wenzake wakamzomea. Nikasema tutalizungumza wiki ijayo, nikaandika namba 116 ubaoni, simu ya bure ya kusaidia watoto, nikawaambia waandike maswali yao wayatie kwenye sanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa boksi la madaftari tulilolizungushia karatasi ya manila.

Swali

Alhamisi iliyofuata nilifungua sanduku mbele ya darasa. Karatasi zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, nikafurahi kama mwalimu yeyote angefurahi. Nikawa nachomoa moja moja na kusoma kama zilivyoandikwa. Ya tano au ya sita ilisema hivi:

"Mtu amekupiga kibao kwa sababu umeongea na konda, halafu jioni akakununulia chipsi mayai na kukuomba msamaha. Huo ni ukatili au ni wivu?"

Kicheko kilianzia nyuma. Vichwa vitatu vinne vikageukia dawati la tatu upande wa dirishani. Mtu akanong'ona, kwa ule mnong'ono unaosikika hadi ofisini, "Konda wa Zena!"

Niliona vichwa vikigeuka. Nilisikia jina. Nikafanya nilichozoea kufanya, nikatuliza darasa na kujibu swali. Nikasema ni ukatili, kibao hakiondolewi na chipsi, na msamaha unaofuatwa na kibao kingine ni sehemu ya mzunguko uleule. Nikachora na duara ubaoni. Jibu langu lilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho, na nisingeweza kuchagua mahali pabaya zaidi pa kulitolea. Zena aliinamisha kichwa, akawa anakata kucha kwa meno mpaka kengele ilipolia. Sikumfuata. Nilijiambia kwamba nikimfuata nitakuwa nimethibitisha kilichosemwa. Labda ni kweli. Ila ningeweza kumwomba mwalimu wa unasihi amtazame kesho yake kwa kisingizio chochote, hata cha madaftari.

Ijumaa jioni

Kassim alikuwa Kidato cha Nne, miaka kumi na saba. Hakuwemo darasani, kwa sharti lile la mkuu, lakini maneno hayahitaji kuwemo darasani. Ijumaa saa kumi na moja jioni alimkuta Zena kituoni. "Umenianika," alimwambia, kwa mujibu wa rafiki aliyekuwepo. Akadai simu.

Simu ilikuwa kitochi, Kassim ndiye aliyemnunulia, na vocha pia ni yake. Zena alikuwa akiificha ndani ya pakiti ya pedi, kwa sababu hakuna mwalimu wa zamu anayefungua pakiti ya pedi. Kila jioni Kassim aliikagua: nani amepiga, nani amepigiwa. Hapo ndipo nilipokuja kuielewa ile 116 niliyoiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Namba haitozi hata senti moja, ila ingebaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa, na orodha hiyo ilikuwa na msomaji wake.

Siku ile aliichukua akaibamiza kwenye zege la kituo. Akamshika mkono wa kulia akausokota mpaka Zena akapiga magoti. Watu wazima walikuwepo. Mama mmoja muuza mihogo alisema "Muacheni mtoto wa watu," wengine walidhani ni kaka na dada. Kassim akaondoka kwa miguu. Rafiki akaokota vipande vya simu akavitia kwenye begi la Zena. Mwishoni mwa wiki Zena alimwambia mama yake kwamba ameteleza akishuka kwenye daladala, na Dar es Salaam hakuna anayeshangaa kusikia hivyo.

Jumatatu

Mstarini, mwalimu wa zamu aliona Zena amefunga kiganja kwa kipande cha kanga. Akauliza, akajibiwa daladala. Akatia shaka, akafungua begi, akakuta vipande vya simu. Swali la kwanza ambalo shule ilimuuliza msichana mwenye mkono uliovimba likawa: "Hii simu ya nani?"

Saa tatu wote wawili walikuwa ofisi ya nidhamu, kwa kuwa jina la Kassim lilishatajwa na wenzao. Kosa likaandikwa: kumiliki simu na kujihusisha na mapenzi. Kassim alichapwa viboko vinne. Zena aliambiwa asubiri mwalimu wa kike. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka msichana achapwe na mwalimu wa kike, viboko visizidi vinne, na kibali kitoke kwa mkuu wa shule. Nawapa haki yao, kanuni walizifuata. Mwalimu wa kike aliyeitwa ndiye yule wa unasihi. Alipouona mkono, alitoka nje akanipigia.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kusimamisha viboko vya Zena, na hilo alilifanya mwalimu wa unasihi kabla sijafika. Alikwenda kwa mkuu wa shule na kumwambia huyu mtoto ameumizwa, kesi ya simu ingoje. Mkuu alikuwa na hoja, na si hoja ya kupuuza: "Nikimwachia huyu, kesho wote watasema wamepigwa na wapenzi wao ili wasichapwe." Mwalimu akajibu, "Mkuu, mtoto wa kike wa shule hii atakayejitangaza ana mpenzi ili akwepe viboko vinne, mimi simjui." Mkuu alikaa kimya, kisha akasema sawa, ingoje.

La pili lilikuwa kumsikiliza Zena peke yake. Nilifika saa sita kasoro. Chumba pekee kilichokuwa na mlango unaofungika ni stoo ya vitabu. Akanisalimia, "Shikamoo dada," akakaa juu ya rundo la vitabu vya Jiografia. Nilimwambia mapema kwamba siwezi kumwahidi kukaa na siri ya mtu aliyeumizwa, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Akafikiri. "Basi naomba nisiseme."

Wapo wenzangu wanaoona nilikosea, kwamba ningemwacha aongee kwanza. Mimi bado naona ilikuwa sawa. Ningemvuta aseme halafu nipeleke maneno yake kwa watu wengine, ningekuwa mtu wa pili kumsaliti ndani ya wiki moja, na wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Nikamwambia sawa, usiseme, lakini mkono lazima utazamwe. Hilo alilikubali.

Mama yake alifika saa saba na dakika kadhaa, amevaa aproni ya mgahawani. Alipoelezwa, alikwama kwenye neno moja: "Konda? Konda gani?" Dakika kumi nzima tulikuwa tunazungumzia konda. Ilimtoka kidogo kidogo kwamba anaogopa baba mtu. "Akisikia habari ya mwanaume, atanirudia mimi kwanza." Kwa hiyo tuliamua, yeye na sisi, kwamba baba ataambiwa na afisa ustawi, ofisini, si mama, nyumbani. Katika maamuzi yote ya wiki ile, hili ndilo ninalojivunia, na halimo kwenye mwongozo wowote nilioupitia.

Tulikwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, kisha kituo cha afya. Dawatini tulikutana na askari wa kike aliyevaa kiraia, ambaye kwanza alimuuliza Zena kama amekula. Zena aliongea pale, kwenye benchi, akila andazi, bila kuulizwa. Alisema vibao vilikuwa vinne tangu Januari. Alivihesabu.

Kituo cha afya muuguzi alimwita pembeni akamuuliza kama kuna lingine, kama amelazimishwa. Akasema hapana. Nilitazama saa ya ukutani: saa nane mchana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Tangu Ijumaa saa kumi na moja zilikuwa zimepita saa 69. Jibu lingekuwa ndiyo, tungebakiwa na saa tatu, na asubuhi yote shule ilikuwa inauliza habari za simu.

Picha ilionyesha mfupa haukuvunjika. Mkono ulifungwa bandeji ngumu kwa wiki tatu.

Kassim

Yeye pia ni mtoto kisheria, na hilo lilitufunga kwa upande mwingine. Alikuja na mjomba anayeishi naye. Mwishoni mwa wiki Kassim anasukuma mkokoteni wa maji, hela ya vocha inatoka huko. Mjomba aliingia akitetemeka, amesikia polisi, akadhani ni mimba na mvua thelathini. Alipoelewa ni mkono, alipumua kwa nguvu na kucheka kidogo, na kicheko kile kilimuudhi mama Zena kuliko maneno yote yaliyosemwa siku hiyo.

Kassim alisema, "Sijampiga, nimemshika tu." Tulipoendelea kumuuliza, akatuangalia kwa mshangao wa kweli. "Mimi nimeshachapwa. Sasa mnataka nini tena?"

Nimelifikiria swali hilo kuliko swali la chipsi. Kwa hesabu yake deni lilikuwa limelipwa: amekosa, amepigwa, yameisha. Ndivyo nyumbani kunavyokwenda, ndivyo shuleni kunavyokwenda, na ndivyo yeye alivyokwenda na Zena: umeongea na konda, kibao, chipsi, yameisha. Viboko vinne vya asubuhi vilimfundisha somo lilelile alilokuwa analijua tayari. Utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walishapigwa na mtu mzima au mpenzi kabla ya kufikisha miaka 18. Kassim hakutoka katika kabila geni la watu wabaya.

Kufukuzwa shule kulijadiliwa. Mwalimu wa nidhamu alitaka, mama Zena naye alitaka siku ya kwanza. Aliyepinga ni afisa ustawi: mvulana akiondolewa leo, atakuwa kituoni kutwa nzima badala ya muda wa saa moja tu jioni, tena hana cha kupoteza. Yakaandikwa makubaliano mbele ya mjomba. Kassim asimkaribie wala asimtumie mtu. Atatoka shuleni dakika thelathini baada ya kengele. Kila Jumanne atakutana na mwalimu mmoja wa kiume aliyejitolea, fundi wa Hisabati, mtu asiye na maneno mengi. Akivunja, Dawati lina faili.

Matokeo

Zena hakukosa shule zaidi ya siku tatu. Aliandika kwa mkono wa kushoto kwa muda, mwandiko wa kuku, akawa anauchekea mwenyewe. Baba alipoelezwa na afisa ustawi alifoka, kisha akauliza kama kuna gharama za matibabu. Mama anasema hakupigwa. Namwamini, kwa tahadhari.

Kassim alifanya mtihani wake. Alimtuma rafiki mara moja na kikaratasi cha kuomba msamaha, na Zena alikipeleka kwa mwalimu wa unasihi bila kukifungua. Baada ya hapo hatukusikia tena. Alibadilika? Mwalimu wa Hisabati anasema katika Jumanne ya sita Kassim alimuuliza, bila kutazama juu, mtu anajuaje kama anapendwa na mtu asiyemwogopa. Mimi siwezi kusema zaidi ya hapo. Shauri halikufika mahakamani, kwa sababu familia mbili hazikutaka na Zena hakutaka. Maneno "kuyamaliza kifamilia" kwa kawaida yananisisimua mwili, nimeona watoto wengi wakimalizwa nayo. Hapa yalifanyika mbele ya afisa ustawi na faili likiwa wazi polisi, na hata hivyo sina raha nayo.

Sanduku lilikufa. Alhamisi iliyofuata lilikuwa na karatasi mbili. Moja tupu. Nyingine iliuliza: "Na hili nalo mtalisoma?"

Kilichofaa na kilichoharibika

Kadi zilifaa. Bila kadi ya vocha iliyobandikwa juu ya mstari, Zena asingeandika swali lake. Mada haikukosewa, wala darasa halikuwa halijaiva. Waliiva kabla yetu.

Kulisoma swali kama lilivyo lilikuwa kosa la kiufundi, na lina dawa. Siku hizi karatasi zinasomwa na watu wawili siku hiyo jioni, mlango umefungwa. Kila swali linaandikwa upya bila konda, bila chipsi, bila siku wala mahali. Linachanganywa na maswali yetu wenyewe na ya shule nyingine, na linajibiwa baada ya wiki moja. Na kila mwanafunzi lazima atumbukize karatasi, hata kama ameandika "sina swali", ili asionekane nani ameandika kwa muda mrefu. Likionyesha mtu anaumia sasa hivi, halingoji wiki, linakwenda kwa mwalimu wa unasihi usiku huohuo.

Kuwaacha Kidato cha Nne nje halikuwa kosa la kiufundi. Tuliwafundisha wadogo kukitambua kibao, tukamwacha mwenye mkono akisoma Fizikia darasa la jirani. Naelewa hofu ya mtihani. Lakini vipindi viwili vya dakika arobaini vingetosha kumfikia, na huenda angelisikia neno "kuchunga" kutoka ubaoni kabla ya kulisikia likija kama fedheha.

Kubwa kuliko yote ni lile neno lililokatwa kwa kalamu nyekundu. Katika shule ambayo kuwa na mpenzi ni kosa, msichana aliyepigwa na mpenzi wake hawezi kusema amepigwa bila kwanza kukiri kosa lake mwenyewe. Akifungua mdomo ajitetee, anajishtaki. Kassim alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Zena alituambia kwamba kila alipotishia kusema, jibu lilikuwa moja: "Sema, tuone nani atafukuzwa." Nasi tulisimama mbele ya darasa hilohilo tukahimiza, toeni taarifa, toeni taarifa, hatukuwahi kuuliza taarifa ikitolewa inapita mlango gani. Ilipita ofisi ya nidhamu. Hakukuwa na mlango mwingine.

Sisemi shule iruhusu mapenzi. Mkuu asingekubali, wazazi wasingekubali, na sioni haja ya kugombana nao. Kilichowezekana kilikuwa kidogo kuliko hicho. Mwezi mmoja baadaye mkuu alikubali kubandika kwenye ubao wa matangazo wa walimu sentensi moja, kwa mwandiko wake: taarifa ya mwanafunzi kuumizwa ishughulikiwe kwanza na mwalimu wa unasihi, na chochote atakachokisema katika taarifa hiyo kisifunguliwe kesi ya nidhamu. Mwalimu wa nidhamu hakuipenda. Muhula uliofuata, wasichana watatu walikwenda kwa mwalimu wa unasihi, na hakuna aliyekwenda kwa habari ya mwanafunzi mwenzake. Wote watatu walikuwa na habari za bodaboda.

Sasa tukiingia shule mpya tunaanza na kikao cha walimu, bila kipindi hata kimoja, na swali tunaloliweka mezani ni hili: mwanafunzi akija leo akisema mpenzi wangu amenipiga, nani anampokea, anakaa wapi, na fimbo iko wapi wakati huo? Shule mbili zilitukatalia baada ya kikao hicho. Hatukuingia.

Limebaki la konda. Hakuwa na lolote na Zena. Yule ni kijana wa mtaani kwao, anayewapakia wanafunzi wa mtaa wake bila kuwasukuma. Mama Zena hataki kumsikia. Kwa hiyo Zena anasubiri gari nyingine, na gari nyingine hazimtaki na shilingi 200 zake. Mara ya mwisho nilipopita pale ilikuwa saa moja kasorobo, giza linaingia, na alikuwa bado kituoni, begi kifuani. Gari la konda yule lilisimama, likapakia wanafunzi wanne, likaondoka.